Diski Moja kwa Kompyuta Zisizopatana

Mlipokuja nyumbani kuniaga, wenzangu wa redio, mliniomba niandike mambo ya kazi. Mmoja wenu akasema nisisahau mafanikio. Mafanikio sina hamu nayo. Nitaandika habari za hofu, kwa sababu ndiyo niliyofanya nayo kazi tangu siku ya kwanza hadi siku niliporudisha funguo za studio, na kwa sababu nawaona ninyi vijana mnachomeka na kuchomoa vitu kana kwamba hakuna kinachoweza kufa. Mimi, Mama Katungu, ni mwoga. Mlikuwa mkinicheka mchana kweupe. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Niliingia studio ya Butembo nikiwa msichana wa kwaya ambaye hakujua hata kubadilisha betri ya tochi. Fundi wa wakati ule alikuwa Papa Mumbere, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Asubuhi ya kwanza hakunisalimia sana. Alinipa wembe na utepe wa sauti wenye mahubiri, akasema, “Kata.”

“Nikate wapi, Papa?”

“Pale mutu anapumuaka.”

Nikakata katikati ya neno. Papa Mumbere akaunganisha utepe kwa gundi, akausikiliza, akavua miwani. “Umeua muchungaji,” akasema, kisha akanipa wembe mwingine. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba ninachokishika kazini ni koo za watu. Wazo hilo halijanitoka, na sijajuta kuwa nalo.

Papa Mumbere alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: groupe ikikohoa, chomoa. Groupe ni jenereta yetu ya uani, na umeme wa mji wetu mnaujua. Jenereta ilipoanza kukohoa kwa kuishiwa mafuta, ilizimika, ikawaka tena, na ule umeme wa kurudi ulikuja kwa hasira na kuunguza kila kilichobaki ukutani. Tuliwahi kupoteza mashine nzuri ya kunasia sauti kwa namna hiyo, tukanusa harufu yake wiki nzima. Kwa hiyo kila mtu wa redio, mpaka mpishi wa chai, alifunzwa kuruka na kuchomoa kila waya aliouona mbele yake bila kuuliza. Tulifanya hivyo hata katikati ya sala. Sheria hiyo iliokoa vitu vingi, nami naiheshimu hadi leo, ingawa mtaona ilitufikisha wapi.

Mambo ya upande wa Beni yalipozidi kuwa mabaya, na watu wakawa wanakimbia vijiji huku wakipotezana njiani, redio ilifungua chumba kidogo Beni na kuanzisha kipindi cha waliopotezana. Mtu alikuja, akasema yeye ni nani, ametoka wapi, anamtafuta nani. Masika, mtangazaji wetu wa Beni, ndiye aliyewanasa sauti. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wameona nyuso za wauaji, tuliwekeana masharti ambayo leo mnayaona kama mazoea tu. Jina la mtu halikuandikwa kwenye karatasi hata moja. Kinasa sauti hakikusafiri na kitu ndani yake. Sauti ilihamishiwa kwenye diski, kisha kadi ya kinasa ikafutwa. Mahali alipofichwa mtoto hapakutangazwa, wala habari ya kifo haikutangazwa kabla ya ndugu kuambiwa. Masika alikata kipande kifupi tu cha kwenda hewani, na sauti nzima ikabaki kwenye diski, haina mahali pengine popote.

Sasa niwaeleze hiyo diski, maana ndiyo sababu ya maandishi haya.

Ilikuwa diski kubwa ya nje, nyeusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, yenye taa ndogo ya buluu. Ilimeza sauti za miaka na bado ikawa na nafasi. Ilisafiri kati ya Butembo na Beni ikiwa imeviringishwa kwenye vitenge, nami sikula vizuri siku ambazo ilikuwa barabarani. Kompyuta za Butembo zilikuwa za Windows. Ya Beni ilikuwa ya Linux, kwa sababu funguo za USB, yaani flashi, zilizotoka kwenye maduka ya intaneti zilikuja na virusi vilivyokula sauti zetu, mpaka fundi mmoja wa kanisa akaitoa Windows yote. Halafu akaja Kambale, kijana wetu wa video, na Mac yake aliyoinunua Kampala na ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa akiwa amekula mandazi.

Kompyuta hizo tatu hazikupatana. Diski, kabla ya kutunza kitu, lazima ipangwe kwa namna fulani, na kila kampuni ina namna yake. Yetu ilitoka dukani ikiwa imepangwa kwa NTFS, namna ya Windows. Linux ya Beni iliikubali. Kambale alipoichomeka kwake, akaniita kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

“Mama Katungu, diski yako inanikatala. Inasoma, mais kuandika, hapana.”

“Haikukatale weye. Inakatala machine yako.”

“Donc, nifanye aje?”

“Uuzishe ile Mac.”

Alitaka kuweka programu ndogo ya wizi aliyopewa na rafiki, ili Mac iandike kwa nguvu. Nilikataa. Kitu kilichoibwa siku moja humgeukia aliyenacho, na mle ndani mlikuwa na watu. Tukajaribu kwanza, kwenye diski nyingine ndogo, ile namna ya zamani, FAT32, inayokubaliwa na kila mashine mpaka redio za magari. Ikatukubali vizuri hadi Kambale alipoleta video ndefu ya mkutano wa akina mama. Ikamwambia faili ni kubwa mno, wakati diski ilikuwa tupu kabisa. FAT32 haimezi faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata ukiwa na nafasi ya kujengea nyumba.

Ikabaki exFAT. Windows inaisoma na kuiandika, Mac vilevile, na Linux vilevile ikiwa si ya zamani mno. Lakini kupanga upya ni kufuta. Nilihamisha sauti zote kwenye diski ndogo za kuazima, nikazisikiliza hapa na pale kuhakikisha ni nzima, nikaomba Mungu, nikafinya. Kisha nikazirudisha, nikafuta diski ndogo, zikarudi kwa wenyewe zikiwa tupu. Siku hiyo kompyuta zote tatu ziliandika kwenye diski moja, na Kambale alicheza uani kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Usumbufu mdogo ulibaki. Watu wa Beni walipenda kuandika saa katika majina ya mafaili kwa kutumia nukta mbili. Ndani ya kompyuta yao Linux ilikubali, lakini exFAT ikanuna. Mac nayo huacha nyuma yake vifaili vidogo vyenye nukta mwanzoni mwa jina, kwa hiyo Beni waliona kila sauti mara mbili, ya kweli na ya bure. Mara moja mtangazaji wa huko alichezesha ile ya bure hewani. Redio ikanyamaza, na ninyi mnajua redio ikinyamaza Beni watu wanafikiri nini. Majirani walikuwa wameshaanza kufunga magodoro kabla hajagundua.

Kilichonitia hofu ya kweli ni kingine. NTFS huweka kumbukumbu ndogo ya kile inachofanya, hata ikikatizwa ghafla inajua irudi wapi. exFAT haina kumbukumbu hiyo. Ukiichomoa katikati ya kuandika inaweza kupoteza njia ya kila kitu, hata vile ambavyo hukuvigusa. Nilibandika ukutani: ÉJECTER KWANZA, NGOJA TAA ITULIE, yaani iambie kompyuta iiachie diski kabla hujachomoa. Pia tulinunua diski ya pili, tukawa tunaweka nakala Beni kila mara. Halafu ofisi ya Beni ikavunjwa katika wiki ambayo mji ulikuwa unakimbia, na wezi wakabeba diski ya pili, wakaiacha kompyuta. Tukaahidiwa nyingine; kuziacha sauti ndani ya kompyuta ya ofisi iliyovunjwa hatukuthubutu. Katika kungoja huko, sauti zote za watu wale zilikaa mahali pamoja, nami kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kuigusa diski.

Katika majira hayo ndipo alipokuja Mama Esther.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mkono wa kushoto haukunyooka, amebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alisimama mlangoni mwa studio ya Butembo, hakutaka kiti.

“Karibu, mama. Unatoka wapi?”

“Luofu. Mais kwetu ni kule Eringeti. Luofu ni kwa kaka yangu.”

Akaeleza kwa maneno machache. Walikuwa wanakimbia, yeye na binti yake. Akapigwa, akaanguka. Watu walimbeba akiwa hajitambui, akazinduka hospitalini, na mtoto hayupo. Alipopata nguvu, kaka yake, fundi wa cherehani ambaye mtoto humwita tonton, alikuja kumchukua akampeleka Luofu, mbali kusini. Huko, kwenye redio ya jirani, akasikia mwisho wa kipindi chetu.

“Mutoto alisema, natafuta tonton yangu wa Luofu, anashonaka nguo. Kiisha ikakatika. Ile sauti ni ya Esther wangu.”

“Ulisikia jina?”

“Hapana. Nilisikia sauti.”

“Mama, sauti za batoto zinafananaka.”

Akanitazama. “Ya wako inafanana na ya nani?”

Masika, aliyenasa sauti ile, alikuwa ameacha kazi na kuvuka kwenda Uganda na watoto wake, na namba yake haikupatikana tena. Mimi sikuwa nimeisikia nzima. Lakini nilijua kwamba kila mtoto aliyenaswa alisema yuko kwa nani, na kwamba kipande hicho kilikuwa kwenye diski. Nilimwambia hivyo. Nikamwonyesha diski, taa yake ikipepesa kando ya Mac ya Kambale, ambaye alikuwa akihamishia video ya kwaya. Kambale alisema zimebaki dakika chache tu. Mama Esther akakubali kiti, akakaa pembeni kabisa mwa kiti kama mtu wa kusimama tena mara moja.

Groupe ikakohoa.

Sijui niwaelezeje wepesi wa mikono yetu. Mimi nilikuwa nimeshachomoa kompyuta ya mezani na redio ya pili. Mpishi wa chai alikimbilia friji. Na Kambale, kijana mzuri aliyefunzwa vizuri, alishika nyaya zote za upande wake kwa mkono mmoja akazivuta pamoja, waya wa umeme na waya wa diski. Mac ilibaki inawaka kwa betri yake. Haikuwa na haja ya kuokolewa. Taa ya buluu ilikuwa imezimika.

Tuliirudisha. Mac ikafikiri kwa muda, kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba diski iliyoingizwa haisomeki na kompyuta hii. Chini yake vitufe vitatu, na cha kwanza kilisema Initialiser. Ninyi mnajua maana yake: nipe ruhusa nifute nianze upya. Inauliza kwa adabu sana, ndicho kinachotisha.

“Inasema nini?” akauliza Mama Esther.

“Inasema haijue kuisoma.”

“Basi muifundishe.”

Nilifinya Éjecter. Tukaipeleka kwenye Windows, nayo ikauliza kwa maneno yake: lazima kuformater diski, yaani kuipanga upya, kabla ya kuitumia, je, unataka? Nilishika kifundo cha mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto nikafinya Annuler, kitufe cha kughairi, maana mkono ule sikuuamini. Kambale alitaka kuendesha chombo cha Windows cha kurekebisha. Nikamzuia. Kurekebisha ni kuandika, na juu ya diski iliyoumia huandiki kitu kabla hujachukua nakala yake yote jinsi ilivyo, majeraha na yote. Kompyuta zetu hazikuwa na nafasi ya nakala kubwa hivyo. Ya Beni ilikuwa nayo, tena Linux inajua kufungua diski kwa kuisoma tu, bila kuacha hata alama ya kidole.

Kambale aliketi sakafuni. “Mama, nimeua mutoto ya mutu.”

“Umechomoa kama shiye bote. Lamuka, utafute taxi ya kesho.”

Nilisema kwa ukali, nikaanza kuviringisha diski kwenye kitenge.

Asubuhi tuliondoka, mimi na Mama Esther, tumebanwa kiti cha nyuma na wafanyabiashara wawili. Diski niliifunga tumboni chini ya kitenge. Barabara ya Beni mnaifahamu. Kuna mahali ambapo gari zima huacha kuzungumza bila mtu kuamuru. Dereva hutazama nyuso za madereva wanaotoka mbele, nasi tunatazama uso wa dereva. Nilihesabu miti, nikaacha kuhesabu, nikaomba, nikasahau maneno ya sala niliyowafundisha watoto wangu mwenyewe. Mama Esther hakuogopa barabara. Aliweka mkono wake mzima juu ya tumbo langu, pale ilipokuwa diski, na hakuuondoa.

Kwenye kizuizi wakatuambia tushuke. Askari aliyetukagua alikuwa kijana, na nyuma yake, kwenye kibanda cha turubai, alikuwa na kompyuta juu ya sanduku, filamu imesimamishwa katikati. Alikiona kitu kigumu chini ya kitenge changu.

“Oyo nini? Toa, nione.”

Nikaitoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lingine. Nilifikiri ataniuliza ni za nani, sauti za nani, walisema nini dhidi ya nani, na nilikuwa tayari kudanganya mpaka kufa.

“Iko nini ndani?”

“Mafundisho ya kanisa, chef.”

“Na nyimbo?”

“Na nyimbo.”

Uso wake ukang’aa. “Basi nikopie kidogo. Hapa siku ni ndefu.” Na kabla sijafumba mdomo alikuwa ameshaichomeka.

Nilisimama nyuma ya bega lake. Niliona Windows ikizunguka, ikizunguka, kisha kile kiboksi kikatokea na swali lake la adabu. Askari akasoma polepole, kidole kikiwa juu ya kitufe.

“Inauliza kama niformater. Niseme oui?”

Wenzangu, hapo nilihisi mkojo wa moto ukishuka miguuni, na sioni haya kuwaandikia. Ile oui ingemfuta mtoto. Ingefuta watu wote wa miaka yote, na kijana huyu angefanya hivyo kwa kupenda nyimbo. Sijui sauti iliyonitoka niliitoa wapi.

“Chef, hapana kufinya! Iko na virus. Njo sababu ninaipeleka ku fundi kule Beni. Ukisema oui, inaingia mu machine yako. Filme zako zote zinaisha.”

Kidole kikasimama. Akanitazama kwa mashaka. “Unanidanganya?”

Ndipo Mama Esther akasogea. “Ni kweli, mwana wangu. Vitu vyangu vyote viko mule. Hata miye sijue kama nitavipata.”

Askari alimtazama, akatazama filamu yake iliyosimama, akafinya Annuler. Akachomoa waya kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayetupa kiwavi, akanirudishia diski na kupangusa mkono kwenye suruali.

“Mutoke nayo hapa! Mbiyo!”

Garini nilishindwa kufunga mlango. Mfanyabiashara mmoja akaufunga kwa ajili yangu.

Beni, kitu cha kwanza nilichouliza ni umeme unatoka wapi. Waliniambia unatoka kwenye betri za jua, nami nikalazimisha nionyeshwe. Kisha nikaagiza Linux isiifungue diski, iinakili tu yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye diski kubwa ya ndani. Kazi hiyo haina haraka. Ilichukua mchana wote, ikaendelea mpaka siku ya pili, na Mama Esther alikaa kwenye benchi akitazama ile taa ya buluu. Aliletewa chakula, akanipa mimi. Mimi nilimpa mwingine.

Nakala ilipokamilika tuliifungua kwa kusoma tu. Nilifumba macho. Niliyafumbua baada ya kijana wa zamu kusema, “Mama, dosye ziko.” Folda zote zilikuwepo. Video ya kwaya ya Kambale ilikuwa jina tupu lisilo na uzito wowote, lakini sauti zilikuwa zimepangwa kama tulivyoziacha. Nilitaka kushangilia, nikakuta hofu imehamia upande mwingine. Tangu Butembo niliogopa diski isifunguke. Sasa imefunguka, na mama huyu atasikia kilichomo.

Majina hayakuwepo, kama nilivyosema, ila mahali na majuma. Tukaanza kusikiliza sauti za watoto wa juma lile, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa kwanza alianza kusema, Mama Esther akatikisa kichwa. Wa pili, akatikisa kichwa. Wapo walioongea kwa Kinande tu, wapo waliolia tu huku Masika akiwabembeleza. Kila nilipofungua faili jipya niliogopa liwe lake na niliogopa lisiwe lake. Halafu ikasikika sauti nyembamba, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, na kabla haijasema neno lolote Mama Esther alikuwa amesimama.

“Miye ni Esther. Tulikuwa tunakimbia, miye na mama. Mama alianguka ku kivuko. Nilimuita, hakulamuka. Nilimuvuta mukono, hakulamuka. Batu bakanibeba, bakasema tuende, mama yako amekufa. Sasa niko Kasindi kwa Mama Vumilia, ule anauzishaka samaki karibu na kanisa, njo amenileta huku Beni. Sina mutu. Natafuta tonton yangu wa Luofu, anashonaka nguo.”

Mle chumbani hakuna aliyejua kwamba mtoto alidhani mama yake amekufa. Masika alikuwa amekata ile habari ya kifo, kama sheria yetu ilivyotaka, na redio ikatangaza mwisho peke yake.

Mama Esther aliweka kiganja juu ya spika. “Nililamuka, Esther,” akasema. “Nililamuka, mwana wangu. Niko hapa.”

Nimefanya kazi na spika maisha yangu yote. Najua hazisikii. Sikumwambia. Aliomba turudie, tukarudia, naye akamjibu tena mahali palepale, kwa maneno yaleyale, na kijana wa zamu akatoka nje akaegemea ukuta.

Tulipiga simu kwa mtu wa kanisa Kasindi. Akaenda kuulizia sokoni, na kabla ya jua kuinama akapiga: muuza samaki yupo, mtoto yupo, mzima, amenenepa kidogo. Nilimpa Mama Esther simu, nikabonyeza spika ili asihangaike na ule mkono. Tukasikia makelele ya malori na mtu akimwambia mtoto aongee, aongee, ni mama yako. Mtoto hakutaka. Tukasikia akisema kwamba mama yake alikufa, yeye alimwona.

“Esther,” Mama Esther akasema. “Ni miye.”

Nikadhani mtandao umekatika, nikainama kutazama simu. Haukuwa umekatika. Mtoto alikuwa anapumua.

“Kama ni weye,” akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya hasira, “juu ya nini hukulamuka wakati nilikuita?”

Mama Esther akashuka kwenye benchi, akakaa sakafuni, akaishika simu kwa mikono yote miwili, hata ule usionyooka, akaanza kumweleza.